Ukuta wa Chaki: Nilimhakikishia Binti Yangu Mitandao Miwili, Kumbe ni Mmoja

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada, na kwa hisani yako usicheke kabla hujafika katikati, maana huko katikati ndiko kwenye kicheko chenyewe na ningependa tucheke pamoja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, nimefundisha miaka thelathini na minne, na ugonjwa wangu mkubwa, ambao mke wangu anasema hauna dawa, ni kueleza. Mtu akiniuliza saa, namweleza kwanza kwa nini dunia inazunguka. Nilipoagwa shuleni niliomba zawadi moja tu, ubao mweusi uliokuwa na ufa kwenye kona na uliokuwa unatupwa, nao nimeutundika kwenye ukumbi mwembamba unaotoka sebuleni kwenda vyumbani, kiasi kwamba hakuna mtu wa nyumba hii anayeweza kwenda kuoga bila kupita mbele ya somo.

Niruhusu nikuchoree nyumba kwa maneno, kwa kuwa jambo lote limo humo. Mbele, panapotazama barabara, ni chumba cha mke wangu cha ushonaji: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, benchi la wateja wanaosubiri kupimwa, na printa anayochapia paterni zake. Katikati ni sebule, yenye televisheni ambayo mjukuu wangu wa miaka mitano ameitwaa kwa nguvu. Nyuma kabisa, katika chumba kilichokuwa stoo yangu ya ramani, ndipo anapofanyia kazi binti yetu, mama wa huyo mjukuu. Kazi yake ni kusikiliza sauti za madaktari zilizorekodiwa na kuziandika ziwe barua: mgonjwa fulani ana hiki, apewe kile, arudi lini. Ni siri za watu hizo, na hata mimi babaye sijawahi kusikia hata moja, ingawa nimejaribu kupita karibu na mlango nikiwa na ufagio. Mwajiri wake alimruhusu kufanyia kazi nyumbani kwa sharti moja, kwamba kompyuta yake iwe kwenye mtandao wake peke yake, usiofikiwa na vifaa vya wengine, wawe wa nyumbani au wateja. Sharti likimshinda, arudi ofisini, na ofisi iko mji mwingine, safari ya saa nane kwa basi, na akirudi atarudi na mwanawe, na ile televisheni itakuwa yangu tena. Siitaki.

Sasa wakati ule nyumba nzima ilikuwa ikitumia mtandao mmoja, pamoja na wateja wa benchi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika neno la siri la waifai kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha kushonea, kwa herufi kubwa, ili wasione uchovu wakisubiri. Binti yangu aliponisomea lile sharti akasema atamwita fundi wa mitandao, na hapo Mshauri nikasikia kitu kifuani ambacho sikukisikia tangu nistaafu, kama kengele ya kuingia darasani. Nikamuuliza fundi wa nini, na mimi nipo?

Nilikwenda dukani nikamwambia muuzaji nataka ruta moja itakayotoa mitandao miwili ndani ya nyumba moja. Akaweka mezani kitu cheusi chenye antena nane, kama buibui aliyelala chali, akasema hii inaonyesha mitandao miwili, angalia. Nikaangalia. Nikahesabu antena. Nikawaza kwa akili yangu, bila kumsumbua mtu yeyote kwa swali, kwamba antena nane haziwezi kuwa za mtandao mmoja, hilo lingekuwa uharibifu wa antena. Nikanunua. Na kweli, nilipoiwasha nyumbani, simu ikaonyesha majina mawili. Moja nikaliita KAZI, jingine nikaliita WAGENI, kila moja nikalipa neno lake la siri, kisha nikaita familia yote mbele ya ubao.

Nilichora nyumba. Nikachora ukuta mnene katikati yake. Nikachora mabomba mawili yanayotoka kwenye ruta na kwenda upande huu na upande ule bila kukutana. Juu kwenye kona nikaandika tarehe, kama nilivyofanya kila siku ya kazi ya maisha yangu, na chini nikaweka mshale wa kaskazini, kwa mazoea. Mke wangu alikuwa amesimama na futi ya kupimia shingoni, akauliza kama kipindi hiki kina mapumziko. Mjukuu alikwisha kimbia. Binti yangu ndiye aliyebaki anatazama ubao, na ndiye aliyeuliza.

"Baba, nikiwa kwenye KAZI bado naiona printa ya mama kwenye orodha. Si ilitakiwa nisiione?"

Mshauri, lile lilikuwa swali sahihi. Nimefundisha maelfu ya watoto, nalijua swali sahihi likiingia darasani, lina mwendo wake. Nikalijibu kwa dakika ishirini. Nilimwambia kuona si kuingia, kwamba hata wewe unaiona nyumba ya jirani kupitia dirishani lakini huwezi kuchukua sahani yake mezani, na kwamba jina la printa linaonekana tu kama mlima unavyoonekana kutoka mbali. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande, kisha akasema, "Sawa, Baba. Wewe ukisema imetengana, imetengana." Akaupiga ubao picha, akaiambatanisha na fomu ya mwajiri, akatia sahihi yake kwamba sharti limetimizwa, akatuma. Mkuu wake alimjibu kwamba katika fomu zote alizopokea, hii ndiyo pekee yenye mshale wa kaskazini. Nilitembea na sifa ile kwa wiki nzima.

Kilichofuata nakiandika nikiwa nimefumba jicho moja. Nikiwa nimevimba kichwa namna hiyo, nilianza kuwaandikia majirani kijitabu. Kiliitwa "Kuulinda Mtandao wa Nyumbani: Mwongozo kwa Wasiojua." Kurasa kumi na moja, zenye michoro. Asubuhi moja nilipokimaliza, nilikuwa nimekaa sebuleni na simu yangu ikiwa kwenye KAZI (usiniulize nilikuwa nafanya nini kwenye KAZI, nilikuwa nimejiteua msimamizi), nikabonyeza kuchapa nikiwa nimesahau kwamba printa ya mke wangu iko WAGENI, na kwa mujibu wa ubao wangu hapakupaswa kutokea chochote. Nikasikia printa inakohoa kule mbele. Nikasikia karatasi inatoka. Nikasikia mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akisoma kwa sauti ya darasa la pili: Mwongozo kwa Wasiojua.

Mke wangu alikuja na ukurasa wa kwanza mkononi, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Mwalimu," akasema, "somo lako limepita ukutani."

Nikamwambia ni hitilafu ndogo. Nikaizima ruta, nikaiwasha, nikahakikisha simu iko KAZI na printa iko WAGENI, nikatuma ukurasa wa pili, ukatoka. Nikahama chumba, nikatuma wa tatu, ukatoka. Mke wangu akarudi kunijulisha kwamba wateja wamefika ukurasa wa tatu na wanauliza kama kutakuwa na mtihani. Ndipo nikaketi nikasoma, mara hii kabla ya kusema, na nikajifunza kwamba yale majina mawili yalikuwa mawimbi mawili tu ya mtandao uleule: moja linafika mbali kwa mwendo wa taratibu, jingine ni la kasi lakini halifiki mbali, na yote mawili yanaingia chumba kimoja. Yaani nilikuwa nimejenga milango miwili ya ukumbi mmoja, kila mmoja na kufuli lake, na katikati yao nikatundika picha ya ukuta.

Mke wangu aliniuliza kama binti yetu anajua. Nikasema bado nachunguza.

"Unachunguza, au unaogopa?"

Nikasema kidogo cha hiki na kidogo cha kile. Akaniambia yeye hatamwambia, na si kwa kunifichia, ila kwa sababu aliyechora si yeye. Tangu siku hiyo hajalitaja tena, Mshauri, na kama umewahi kuishi na mshonaji unajua jinsi mtu anavyoweza kunyamaza huku mkasi unaongea.

Wiki tatu zimepita. Kila asubuhi binti yangu ananisalimu, anapita mbele ya ule mchoro ambao sina ujasiri wa kuufuta, anaingia chumbani, anafunga mlango na kuanza kuandika siri za wagonjwa kwenye mtandao ambao mtu wa benchi anatazamia mpira. Mwisho wa mwezi ujao mkaguzi wa mwajiri ataziangalia nyumba za wafanyakazi wote kwa njia ya mtandao. Mpango wangu ulikuwa huu: ninunue kimyakimya ruta ya kweli inayotenga mitandao, niifunge siku moja binti akiwa amempeleka mtoto shule, niipe majina yaleyale na maneno ya siri yaleyale, asijue kitu. Nikaenda dukani. Maboksi yote yanajisifu. Moja linasema wageni, jingine linasema kasi, jingine lina picha ya familia inayocheka bila sababu. Nilisimama pale saa nzima, muuzaji akaniuliza mara mbili kama nahitaji msaada, na mara mbili nikajibu kwamba naangalia tu, kwa sauti ya mtu anayejua anachoangalia. Nikatoka na waya wa kuongezea umeme, ambao hatuuhitaji.

Kwa hiyo swali langu ni hili: nichague ruta ipi? Na lipo swali dogo la pili, kama nafasi itabaki gazetini: je, ni lazima nimwambie binti yangu?

Ni mimi,
Mwenye Ubao


JIBU LA MSHAURI

Mwenye Ubao,

Nimecheka katikati kama ulivyoomba, na nilipofika mwisho nikaacha. Hilo swali lako dogo umelitia mkiani, kama mwanafunzi anayeweka daftari lake lililochanika chini kabisa ya rundo akiamini mwalimu atachoka kabla ya kulifikia. Mimi sichoki. Naanza na hilo.

Ndiyo, ni lazima. Na si mwisho wa mwezi, wala si baada ya kupata ruta. Leo, gazeti hili likiwa bado mkononi mwako.

Sikwambii hivyo kwa kuwa wagonjwa wamekwisha kuanikwa. Huenda hakuna aliyesoma hata herufi moja. Kompyuta za kazi za namna hiyo kwa kawaida zina kinga zake, na mtu wako wa benchi anaangalia mpira, hana habari na ini la mtu. Nakwambia hivyo kwa sababu kwenye fomu ile hakuna sahihi yako. Ipo ya binti yako. Wewe ulichangia mshale wa kaskazini, yeye akachangia jina lake. Mkaguzi akikuta mtandao mmoja, mwongo atakuwa yeye. Na mpango wako wa kubadili kifaa kimyakimya haumsafishi, ndugu yangu, kwa kuwa ruta inabadilika ila tarehe ya fomu haibadiliki, na tarehe umeiandika wewe mwenyewe kwenye kona. Siku moja mtu atauliza kifaa hiki kilinunuliwa lini, na binti yako atasimama pale bila kujua hata anachoulizwa.

Lakini yeye akiwa wa kwanza kumwandikia mkuu wake, akasema tulidhani tumetenga, tumejaribu, tumekuta hatukutenga, tunarekebisha, basi huyo ni mfanyakazi aliyegundua kosa kabla ya mkaguzi. Siwezi kukuahidi mkuu wake atapokeaje. Ila hiyo ndiyo njia pekee inayompa binti yako nafasi ya kujitetea, na kila siku unayochunguza unamkata siku moja ya nafasi hiyo. Wewe umeziita wiki tatu. Mimi naziita siku ishirini na moja ambazo ameingia chumbani kwake akikuamini.

Sasa namna ya kumwambia, maana nakuogopa. Ukiachiwa utaanza na historia ya mawimbi. Nakupa maneno, uyakariri: "Mwanangu, siku ile ulipouliza kuhusu printa ulikuwa sahihi. Mimi nilikosea. Mitandao haikutengana, na nimelijua hilo kwa wiki tatu." Basi. Ukimaliza, funga mdomo. Ukisikia hamu ya kueleza inapanda, kunywa maji. Atakasirika, na ana haki. Usimpe mfano wa mlima. Na mpaka mambo yawe sawa, mwache aamue mwenyewe na mkuu wake afanyeje kazi, kama ni kwa bando la simu yake au ni kusimama kwa siku chache. Usimwamulie.

Mke wako mpe heshima yake. Amekusubiri wiki tatu bila kukuvua nguo mbele ya mtoto wako, na hiyo si kazi ndogo kwa mtu mwenye mkasi.

Nije kwenye ruta. Hapa nikiri jambo. Nimekaa kwenye safu hii miaka kumi na tisa, nimeamua ugomvi wa mashamba na wa mawifi, na barua yako ilipofika sikujua jibu. Kwa dakika chache nilifikiria kukujibu hivyohivyo, kwa sauti ya mtu anayejua, maana huo ugonjwa wako unaambukiza kupitia karatasi. Kisha nikanyanyuka, nikatembea hatua kumi na mbili mpaka kwa mama anayetunza mitandao ya gazeti hili, nikamwambia, "Mama, hili silijui." Hakunicheka. Hakuniuliza una antena ngapi, wala bajeti gani. Aliniuliza, "Ana makundi mangapi ya watu?"

Hilo ndilo la kuanzia, na wewe hukulianza. Ulihesabu makundi mawili. Hesabu tena nyumba uliyonichorea. Kuna binti na kompyuta yake ya kazi. Kuna nyie wa nyumbani, simu zenu, televisheni ya mjukuu, na printa ya mke wako, kwa sababu printa hiyo ni chombo chake cha kazi na si ya benchi. Halafu kuna benchi. Matatu. Ruta nyingi za bei ya chini zina mtandao mmoja wa nyumba na mmoja wa wageni, na kwa familia ya kawaida hiyo inatosha kabisa. Kwako haitoshi, kwani kundi la tatu litajibanza kwa mmojawapo na utarudi kwenye ubao.

Kabla hujaenda dukani, binti yako amuulize mwajiri anataka nini hasa, na ajibiwe kwa maandishi. Wengine wanaridhika na mtandao uliotengwa, wengine wanataka waya utoke kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, na wengine hutuma kifaa chao wenyewe. Itakuwa aibu ya kiwango chako kununua cha pili kabla ya kujua kama wanakuletea cha bure.

Ikiwa mnanunua wenyewe, usiulize tena kama ruta inaonyesha mitandao miwili. Ulimuuliza hivyo muuzaji, akakujibu ukweli: inaonyesha. Uliza hivi: nikitengeneza mitandao mitatu, kila mmoja utapewa anwani zake peke yake? Na naweza kuzuia kifaa cha mtandao huu kisifikie kifaa cha mtandao ule? Akisema ndiyo, mwambie aiwashe, afungue ukurasa wa mipangilio, akuonyeshe mahali pa kufanyia hivyo. Anayejua atakuonyesha kwa dakika tano. Asiyejua atakuonyesha antena. Muulize pia kama kiwanda bado kinaipelekea ruta hiyo masasisho ya usalama, kwa sababu iliyosahauliwa na kiwanda chake ni mlinzi aliyestaafu bila kuambiwa. Na usitoke bila risiti inayokuruhusu kurudisha.

Mama yule aliongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria kamwe. Kile kisanduku cha zamani mlichopewa na kampuni ya mtandao kinafanya nini sasa hivi? Kama buibui wako amechomekwa kwenye kisanduku hicho, inawezekana kabisa kwamba nacho bado kinarusha waifai yake ya zamani, kwa lile neno la siri uliloliandika ukutani. Nenda kaangalie. Ukikikuta kinarusha, waifai yake izimwe, na neno lile lipanguswe ukutani kwa kitambaa kibichi. La wageni jipya liandikwe kwenye kadi, mke wako ampe anayetaka.

Mkishafunga ruta mpya, usitangaze. Jaribu. Simu ikiwa mtandao wa nyumbani, chapa ukurasa: lazima utoke. Hamia wa wageni, chapa: printa lazima igome. Hamia wa kazi: igome tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwako utafurahi printa ikigoma. Na majaribio hayo ayafanye binti yako, yeye ndiye anayetia sahihi. Wewe uwe mbele, karibu na benchi, unasikiliza kama kuna kitu kinakohoa. Karatasi za kujaribia unazo, kurasa kumi na moja. Kijitabu chenyewe, kama kuna jirani umekwisha mpa, nenda kwa miguu yako ukakichukue.

Umeandika kwamba binti yako akiondoka televisheni itakuwa yako tena, na huitaki. Hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote katika barua yako, na ndiyo pekee ambayo hukuieleza. Nimeielewa. Yeye pia ataielewa, ukimwacha aisikie bila sentensi kumi na moja zingine kuizunguka.

La mwisho ni ule mchoro. Umesema huna ujasiri wa kuufuta. Vizuri, usiufute bado. Leo hii akipita pale ukumbini, msimamishe, sema sentensi zako tatu nilizokupa, kisha ufute mbele ya macho yake, ukuta, mabomba, tarehe na kaskazini, mpaka ubao uwe mweusi. Atauliza sasa inakuwaje. Mpe chaki, ukakae.